Siku yangu na maonyo ya kompaila

Wengi wakisikia naandika programu hudhani kila wiki nabuni aplikesheni mpya. Leo sikuongeza chochote ambacho mteja atakiona. Nilishinda nikiondoa maonyo ya kompaila, chombo kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kwenye programu ya mita za maji za kulipia kabla, na kazi hii naionea fahari.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka Kahawa West, nikapambana na foleni ya Thika Road, na saa moja na nusu nilikuwa Westlands, chai mkononi.

Saa mbili niliwasha GCC, kompaila yetu, na -Wall na -Wextra, swichi za kuomba maonyo zaidi. Msidanganywe na jina, -Wall haionyeshi maonyo yote. -Wconversion, inayoonya namba ikigeuzwa aina na huenda thamani yake ikabadilika, lazima uiitishe mwenyewe. Vigeu visivyotumika na fomati za printf zisizolingana na namba zake nilivimaliza kabla ya saa nne.

Halafu onyo moja likanishika. Lilikuwa kwenye mstari unaoamua kufunga maji:

if (salio < kiwango)

Yaani, salio likiwa chini ya kiwango, funga maji. Salio linaweza kushuka chini ya sifuri mtumiaji wa maji akiwa na deni. Kiwango kilitangazwa kuwa namba ya biti 32 isiyokubali hasi. Vikikutana, lugha ya C huligeuza salio lifanane na kiwango, na -1 inasomwa 4294967295. Mwenye deni la shilingi moja anaonekana tajiri, vali inabaki wazi, na hakuna hitilafu inayoripotiwa popote.

Meneja akaja, mteja yuko kwenye simu anadai toleo jipya. "Dada, hii kitu inafanya kazi tangu mwaka jana. Weka kasti, onyo litapotea, tutume."

Kasti ni kuiambia kompaila ichukulie namba kuwa ya aina nyingine. "Bosi, kasti itaifunga kompaila mdomo tu. Hesabu itabaki mbovu vilevile."

Nikamkumbusha mwaka 2014, Apple walivyolazimika kurekebisha simu kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo, goto fail, uliorudiwa, ukaguzi wa sahihi ya kidijitali ukarukwa. Mwaka 2016 GCC 6 ikaja na onyo la kunasa mistari ya namna hiyo. Hakushawishika. Nikaweka mita mezani, nikaipa salio la -1. Vali haikusogea. Akavuta kiti, akamwambia mteja asubiri.

Kubadilisha aina ya kiwango ikubali hasi kulimaanisha kupitia kila faili linalokigusa, kuhakikisha hakizidi 2147483647, kikomo cha namba ya biti 32 ya aina hiyo, na kwamba kumbukumbu za mita za zamani bado zinasomeka. Githeri ilipoa kwenye kontena. Macho yakaanza kuuma. Nilipoinua kichwa taa za barabarani zilikuwa zimewaka.

Kabla ya kuondoka niliweka -Werror kwenye seva inayojenga programu: msimbo wetu ukiwa na onyo hata moja, haujengeki, awe ameuandika bosi au mwanafunzi wa mazoezi. Imebaki folda ya modemu, iliyoandikwa na watu wa nje. Hiyo nitaianza kesho.