Jina la Waifai Lililojitokeza Mara Mbili

Mwezi uliopita, nikisubiri boti ya kwenda Unguja, niliketi kwenye mgahawa ulio karibu na bandari ya Dar es Salaam na kufungua simu kutafuta waifai yao. Jina lilikuwapo mara mbili: moja lina alama ya kufuli, jingine halina, na hilo la pili ndilo lililoshika kwa nguvu zaidi. Nenosiri lilikuwa limebandikwa ukutani, kwa hiyo sikuona sababu ya mwenye mgahawa kuweka mtandao mwingine ulio wazi.

Jina la mtandao halithibitishi chochote, kwa kuwa mwenye simu yeyote anaweza kuwasha hotspoti na kuiita atakavyo. Ndiyo maana mimi hutazama anwani ya kifaa kinachorusha jina hilo: herufi na tarakimu 12, ambazo 6 za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Programu ya bure ya kuchunguza waifai ilionyesha kwamba mtandao wenye kufuli ulitoka kwenye kifaa cha kampuni ya ruta, yaani mitambo ya kurushia waifai, ilhali anwani ya ule wa wazi haikuwa ya mtengenezaji yeyote, kama zilivyo anwani za kubuni ambazo simu nyingi hujipa. Nilisogea hadi kaunta, ilipo ruta. Nguvu ya mtandao wenye kufuli ikapanda kutoka dBm -67 hadi -41 (ikikaribia sifuri, mtandao unashika zaidi), ya ule wa wazi ikafifia.

Hata hivyo, marudio ya jina pekee si ushahidi, maana uwanja wa ndege huweza kuwa na vifaa kadhaa vyenye jina moja kihalali. Anwani nayo hughushiwa, na tapeli aliyesoma nenosiri ukutani anaweza kuweka kufuli lilelile. Kinachonishtua zaidi ni ukurasa wa kuingilia unaodai nenosiri la barua pepe. Nchini Australia, mwaka 2024, polisi walimshtaki mtu kwa kuweka mitandao bandia yenye kurasa za namna hiyo kwenye viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide, na hata ndani ya ndege. Uchunguzi ulianza baada ya wafanyakazi wa shirika la ndege kuutilia shaka mtandao mmoja safarini.

Nilimuuliza dada wa kaunta. “Kaka, sisi tunayo moja tu,” alijibu, akaenda kumwita bosi wake. Bosi alipofika, abiria wa boti iliyotangulia walikuwa wameshapanda, na lile jina lisilo na kufuli halikuonekana tena.