Umepigwa faini ya tiketi kwenye treni hapa Uingereza? Usikimbilie kulipa

Hili jambo linaniudhi, ngoja niliandike lote kwa mara moja. Watu wetu wengi hapa wakipigwa faini kwenye treni wanafanya moja kati ya mawili, ama wanalipa siku hiyo hiyo kwa sababu wanaogopa mambo ya viza na makaratasi, ama wanaitupia ile karatasi kwenye droo wakisubiri isahaulike. Kote huko ni hasara. Karatasi hiyo hiyo ukiigeuza ukaisoma imekuandikia jinsi ya kukata rufaa, na rufaa zenyewe ni tatu sio moja.

Kwanza tuelewane tunaongelea karatasi ipi. Juu imeandikwa Penalty Fare, yaani faini ya kusafiri bila tiketi halali. Hiyo sio hukumu ya mahakama na haikupi rekodi ya jinai, ni pesa kampuni ya treni inakudai kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018. Tangu Januari 2023 kwa England ni pauni 100 kujumlisha nauli ya kwenda tu, ukilipa ndani ya siku 21 hiyo 100 inashuka mpaka 50, nauli iko pale pale. Zamani ilikuwa pauni 20 au nauli mara mbili, ile iliyo kubwa, na Wales wao wamebaki na hiyo ya zamani. Sasa mtu akiona 50 anaona kapata nafuu anaikimbilia, wala simlaumu, punguzo limewekwa ili ulipe haraka. Lakini ukituma rufaa zile siku zinasimama kuhesabiwa mpaka ujibiwe, kwa hiyo ukipinga mapema lile punguzo unaendelea kuwa nalo hata ukishindwa. Anayeumia ni yule anayekaa wiki mbili na nusu ndio anaanza kuulizia watu afanye nini.

Je una hoja? Hapa ndipo watu wengi hawajui haki yao. Masharti ya usafiri ya National Rail, yaani mtandao wa treni za hapa, kifungu cha 6, yanakuruhusu kupanda bila tiketi kama pale ulipoanzia safari dirisha limefungwa na mashine ni mbovu, au mashine haipokei aina ya malipo uliyonayo, yaani wewe una keshi na yenyewe inataka kadi tu. Sharti lake ni kwamba ununue mara tu unapopata nafasi, kondakta akipita umwambie, ukibadilisha treni kwenye stesheni yenye dirisha na muda upo ukanunue. Halafu kuna matangazo, kanuni zinadai stesheni iwe na tangazo la faini mahali ambapo abiria ataliona kabla ya kupanda, kama halipo hiyo ni hoja. Na kama mfanyakazi wa reli alikwambia panda tu utalipa mbele, hiyo pia ni hoja nzito, muulize jina au angalia beji yake na ukumbuke saa. Ukiacha hizo kuna mlango mwingine wa sababu za msingi, mambo yaliyokupata siku ile ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angesema huyu hakustahili faini, ila huo usiutegemee peke yake.

Simu kuzima chaji ukiwa na tiketi ndani ya simu, hapo niseme ukweli, masharti yanasema ni jukumu lako kuonyesha tiketi. Tuma uthibitisho kwamba ulinunua kabla ya kupanda, lakini usiende ukiamini umeshashinda.

Nikupe mfano. Kuna mama mmoja namfahamu, anafanya usafi ofisini, anapanda treni alfajiri stesheni ndogo yenye mashine moja. Siku hiyo skrini imezima kabisa, dirisha pazia limeshushwa, kwenye kioo kuna karatasi ya saa za kufungua na kumbe wanafungua baadaye sana. Akapiga picha ya ile mashine amtumie bosi wake kwamba huenda nikachelewa. Akapanda, kondakta hakupita, kufika mjini kwenye geti akaenda mwenyewe kwa mkaguzi amweleze anataka kulipa, akaandikiwa faini. Picha akaitoa, mkaguzi hakutaka hata kuiangalia. Aliponipigia anasema, mwanangu mimi nilipe tu yaishe.

Rufaa ya kwanza alikuwa ameshaandikiwa na mpwa wake, kurasa mbili, kodi ya nyumba, watoto, shinikizo la damu, kwamba yeye ni mtu wa kanisani hajawahi kuiba. Yote kweli na inauma kuisoma, lakini picha haikuambatanishwa na habari ya mashine ilikuwa sentensi moja chini kabisa. Ikakataliwa. Ya pili tukaandika mistari michache tu: stesheni hii, tarehe hii, saa 11 na dakika 40 alfajiri, mashine moja iliyopo haifanyi kazi, picha hii hapa na muda wake, dirisha lilikuwa limefungwa na saa zao za kufungua ni hizi, nilimwendea mkaguzi mwenyewe nikiwa na pesa mkononi, kwa hiyo kwa kifungu cha 6 sikupaswa kutozwa, naomba muangalie kumbukumbu za mashine hiyo. Wakaifuta, akalipa nauli basi.

Nimelisema hili kwa sababu sisi tumezoea kuomba. Tunadhani ukijishusha sana utahurumiwa, na kwenye mambo ya huku anayesoma barua yako hana kisanduku cha kuweka huruma, ana vipengele vya kanuni na anaangalia kama umevigusa. Weka ukweli juu, ushahidi uambatanishe, na kama una shida za maisha ziweke mwishoni kwa ufupi.

Ukikataliwa ya kwanza una siku 14 za kukata ya pili, na ya pili ikikataliwa una 14 nyingine za kwenda ya mwisho, ambayo inaamuliwa na jopo la watu watatu. Hao wanaosikiliza rufaa kwa kanuni za 2018 hawatakiwi kuwa chini ya kampuni za treni. Kila hatua ongeza kitu, usinakili barua ile ile. Tuma mtandaoni ubaki na skrinishoti, ukituma kwa posta omba ile risiti ya kuthibitisha umetuma, ni bure pale kaunta.

Na usitoe jina la uongo wala anwani ya uongo, tafadhali, hilo lenyewe ni kosa, na linageuza jambo dogo kuwa la mahakamani. Kuipuuza karatasi nako kunafika huko huko, siku 21 zikipita hujalipa wala hujapinga kampuni inaweza kuifuta ile faini na kukushtaki.

Kama barua uliyopata haisemi Penalty Fare bali inasema wanafikiria kukushtaki, hapo ni njia nyingine kabisa. Kuna sheria ya reli ya mwaka 1889, ndiyo, elfu moja mia nane, bado inatumika kwa mtu anayedaiwa kukwepa nauli kwa makusudi, na adhabu yake inafika faini ya pauni 1,000 au kifungo cha miezi mitatu. Agosti 2024 hakimu mkuu Paul Goldspring pale Westminster alitamka kuwa kesi sita za mfano za sheria hiyo ni batili, uamuzi uliogusa kesi zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 74,000, kwa sababu kampuni zilizipitisha kwenye utaratibu wa hakimu mmoja anayeamua kwa makaratasi tu, utaratibu ambao kwa sheria hiyo hawakuruhusiwa kuutumia. Yaani watu kwa maelfu walishtakiwa kwa njia isiyoruhusiwa. Sasa barua ya namna hiyo ikija jibu ndani ya muda walioutaja, usikiri kitu ambacho hukufanya ili tu yaishe, na kabla hujasaini chochote tafuta wakili au nenda Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, huduma yao ni bure.