Redi oksaidi kwa 504 ya Mwalimu

Hii ilikua 2011, nilikua nimemaliza fomu foo na nafanya kazi kwa fundi wa mageti hapa Nakuru, upande wa Kaptembwo. Kazi yangu ilikua kukata vyuma na kusugua kutu na msasa, na siku nikiaminiwa napewa ile spre ya kompresa nipige geti praima ya kwanza, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, redi oksaidi, ile nyekundu ya kutu kila mtu anaijua.

Ng'ambo ya barabara aliishi mwalimu mmoja mstaafu, mtaa mzima tulimwita Mwalimu tu, na gari yake ilikua Peugeot 504 ya bluu nzito. Aliipenda hiyo gari jamani. Ukisimama naye dakika mbili tayari ashafika Safari Rally, vile 504 ilishinda 1975 na ikarudi ikashinda 1978, na sauti yake inapanda kabisa akifika hapo. Rangi ya hiyo gari ilikua ya zamani, rangi tupu bila klia juu, yaani ile tabaka isiyo na rangi ya kung'arisha na kulinda, nitaeleza mbele kwa nini hiyo ilikua na maana.

Sasa Jumamosi moja kulikua na geti la mteja la kuchukuliwa jioni, na mimi nikaanza kunyunyiza saa nane mchana. Mtu wa Nakuru anajua upepo wa saa nane, unaamka tu ghafla na vumbi lake. Niliona ule ukungu mwekundu ukinyanyuka kutoka kwa geti, ukavuka barabara, na niliendelea kupiga. Sisemi sikuona. Niliona, nikajiambia ni kidogo, utapotelea hewani.

Jioni hakuna mtu aligundua kitu juu redi oksaidi ikikauka kwa gari inafanana na vumbi letu kabisa. Ni Jumapili asubuhi ndio nilimwona Mwalimu na suti yake ya kanisa anapanguza boneti na kitambaa kikavu, anapanguza, anaangalia kitambaa, anapanguza tena kwa nguvu, na kitambaa kinatoka kisafi. Akaniona nimesimama. Hakupiga kelele. Aliniita tu, "Kijana, kuja uguse hapa."

Nikagusa. Ilikua kama ulimi wa ng'ombe.

Hapo ndio nilifanya kosa la pili, na hili linaniuma kuliko la kwanza. Nilikimbia nikaleta thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, nikamwaga kwa kitambaa na kusugua juu ya buti, kifuniko cha nyuma cha gari, haraka haraka kabla hata hajaniuliza ni nini nimebeba. Wekundu ulitoka, ndio, lakini kitambaa kilikua bluu. Bluu ya gari yenyewe. Mwalimu akanishika mkono akaushikilia pale hewani, na kwa buti kulikua na doa limefifia, saizi ya kisahani cha kikombe, halina mng'aro wowote.

Nikamwambia, "Mwalimu, ni mimi. Niliona ukungu ukivuka barabara na sikusimama. Naomba unisamehe."

Akakaa kimya muda. Akasema, "Haya. Usiiguse tena na hiyo kitu. Tutafute mwenye anajua."

Mwenye anajua alikua mzee mmoja fundi wa rangi aliyekua na karakana Industrial Area, Mwalimu alikua amemfundisha mtoto wake. Alikuja hiyo hiyo Jumapili baada ya kanisa, na alisema ni vizuri tumemwita mapema juu rangi ya mafuta inazidi kushika kila siku inapokaa. Kitu cha kwanza aliomba ni karatasi ya nailoni, zile za dukani, wakati huo zilikua bado halali kabla zipigwe marufuku Agosti 2017. Akaniambia nitie mkono ndani ya nailoni na nipitishe vidole juu ya paa polepole. Sijui nielezeje. Mkono mtupu ulikua umeniambia gari ni ya kukwaruza, lakini kupitia nailoni nilisikia punje moja moja, ningeweza kuzihesabu. Akasema, "Umesikia? Ziko juu. Hazijaingia. Matone madogo hivyo yakisafirishwa na upepo yanafika yamekauka nusu, yanashika tu juu juu. Sasa wewe ulitaka kuyeyusha nyumba ndio utoe mgeni."

Tukasukuma gari chini ya mti wa jakaranda, alikataa kabisa kufanya kazi kwa jua. Tukaosha na maji mengi na sabuni ya gari. Halafu akatoa kwa kisanduku cha sabuni kitu kama udongo wa kijivu, wenyewe wanaita klei, akaukanda kwa vidole ukawa kama chapati ndogo ya saizi ya nusu kiganja. Maji ya sabuni kwa gari, maji ya sabuni kwa klei, alafu unauteleza, huukandamizi, unaenda moja kwa moja mbele na nyuma, sio mviringo. Mwanzo unatoa sauti, krrr, krrr, na mkono unasikia unashikwashikwa, alafu baada ya kupita mara kadhaa sauti inapungua mpaka inanyamaza. Ikinyamaza hapo pamesafika. Unageuza klei unaona upande wa chini umejaa vidoti vyekundu, unaukunja ndani, unakanda tena upate uso safi. Nilipenda hiyo kazi toka dakika ya kwanza, nasema ukweli. Kuna utulivu fulani kwa ile sauti kuisha.

Kitu kimoja alikua mkali nacho, klei ikianguka chini haiokotwi. Inabeba mchanga na ukirudisha kwa gari unakua umeshika msasa. Mimi niliangusha kipande karibu na gurudumu la nyuma na nilikua nishainama kukichukua, akaniambia wacha hapo hapo. Tukabaki na nusu, na nusu hiyo ndio ilimaliza gari yote mpaka bampa za kromu. Vioo tulitumia wembe mpya, umelala karibu kabisa na kioo, na sabuni nyingi. Mipira ya milango alipitisha kitambaa chenye mafuta taa kidogo sana na akaosha papo hapo.

Ilichukua mpaka saa kumi na moja. Baada ya hapo ndio tukaona mikwaruzo ambayo wekundu ulikua umeificha, mingine ile myembamba ya kitambaa kikavu cha asubuhi, na mmoja mrefu kwa mlango wa dereva. Mzee akapitisha ukucha. Ile ya boneti ukucha uliteleza, ule wa mlango ukucha ulikwama. Akasema unaokwamisha ukucha tusiuguse, ukiufuata chini utamaliza rangi.

Ile myembamba alinipa kompaundi, dawa ya kusugua rangi ing'ae, na kitambaa cheupe nipige kwa mkono, mwenyewe alikua amebandika maskin tepu kwa kona zote za bodi juu rangi kwa kona ni nyembamba. Nilipiga kidogo nikaangalia kitambaa, bluu tena. Nikaruka nyuma nikidhani nimeharibu. Akaniambia hapana, hii gari haina klia, kwa hivyo kompaundi inachukua rangi yenyewe. Gari yenye klia kitambaa hakitoki na rangi yake, unakua unalamba klia, na klia ni kama maikroni 50 tu, unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo. Kwa hivyo kote kote kuna kipimo, kila ukipiga unakula akiba ya mwenye gari. Nikapunguza mkono.

Doa la thina tulilirudia mwisho. Liling'aa kiasi, halikurudi vile lilikua. Mzee akamwambia Mwalimu waziwazi kwamba kurudisha kabisa ni kupiga buti yote rangi, na Mwalimu akakataa, akasema iwekwe tu waksi. Nilisema nitalipa kwa mshahara wangu. Akasema pesa ya klei na ya mzee nitalipa, hiyo ni haki, lakini buti ibaki na rangi yake.

Giza lilikua linaingia. Mwalimu akachukua ile nailoni akatia mkono, akazunguka gari yote macho amefunga, paa, boneti, milango, polepole. Karibu na kifuniko cha tangi akasimama.

"Hapa bado, kijana."

Kweli zilikua punje tatu, nne. Nikaloweka klei.