Mkutano Itafanyika

"Mkutano itafanyika saa nane." Sentensi hiyo niliiandika mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada, kwenye ubao wa matangazo wa shule moja ya sekondari mjini Jinja, Uganda. Mapumziko ya saa nne yalipofika, "itafanyika" ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni: 7/10. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alikuja kutoka Tanga shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya korona kuzifunga karibu miaka 2. Mimi nilizaliwa kambini, baba akiwa askari, na Kiswahili changu cha kwanza ni kile cha gwaride: kifupi, cha amri, ngeli zimelala popote zilipochokea. Chuo kikuu, Kyambogo, walininyoosha, ila nikiwa na haraka kambi hurudi. Akaniita Madamu Kambi. Nami nikamwita Bwana Fasaha, na sikuwa namsifu.

Tulikuwa na kabati moja na ufunguo mmoja. Julai ile baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, mkuu wa shule alitangaza kwamba idara itahitaji kiongozi, na hapo ufunguo ukaanza kupotea. Siku ya vipindi vyangu uko kwake. Siku ya vipindi vyake uko mkobani mwangu, chini ya karanga. (Cheo chenyewe, niseme mapema, alipewa mwalimu wa Kifaransa.) Siku alipoagiza "chapati na mayai" kwenye kibanda cha getini akaletewa chapati sahani hii, mayai sahani ile, nilimtazama akila hivyo hivyo. Neno rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai ndani, nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

Jumamosi moja ya Oktoba tulitumwa Kampala kununua vitabu, wote wawili, maana mkuu hakutaka kuonekana amempendelea yeyote. Kurudi tukapanda teksi, ile ambayo yeye hadi leo anaiita daladala, katoni ya kamusi begani kwake.

"Samahani jamani, naomba kupita."

Gari zima likanyamaza. Mwanamke mmoja akaukumbatia mkoba wake. Kijana wa mbele akatumbukiza simu kwenye soksi.

Tulipobanana kiti cha nyuma nikamnong'oneza: hapa kwa watu wengi Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani, ya mwenye bunduki anayedai kitambulisho, au ya jambazi mlangoni usiku wa manane. Miaka ya Amin iliwafundisha hivyo, na wakawafundisha watoto wao.

"Na wewe umekua nacho hapa hapa?"

Nimekua nacho. Kuna wasichana niliosoma nao waliokuwa wakihama dawati nikisahau na kuwaamkia kwa Kiswahili, kile kile ambacho yeye alikuwa anakitia wino. Nilimwambia hilo. Hakunisahihisha chochote kutoka Mukono hadi Namawojjolo.

Namawojjolo wauzaji walivamia madirisha kwa kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Akanunua gonja tatu, akamgeukia bibi aliyekaa upande wake wa pili: "Shikamoo bibi. Karibu."

Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha akaanza kusema Kiganda, mbio mbio, huku akinigonga goti nimtafsirie. Mwaka 1979, askari wa Tanzania walipokuja kumng'oa Amin, mmoja alisimama uani kwao akasema neno hilo hilo, shikamoo, halafu akaomba maji. Bunduki anayo, bado anaomba! Hakuwahi kumsahau. Nilitafsiri vizuri mpaka pale bibi, gonja mdomoni, aliponielekezea kidevu na kuuliza: "Oyo musajja wo?" Huyo mume wako?

"Anauliza kama vitabu ni vizito," nikasema.

"Sinnaba, jjajja," akajibu mwenyewe. Bado, bibi. Kwa Kiganda, tena kwa lafudhi ya pwani, kama mtu anayeagiza madafu.

Bibi alicheka hadi msitu wa Mabira ukaisha. Mimi nilihesabu miti. Tulipofika kwenye daraja la Nile ndipo nikapata sauti.

"Umejua Kiganda tangu lini?"

"Tangu Machi. Nilitaka kujua mnanisema nini."

Machi! Yakanirudia moja moja, yote niliyowahi kuyasema kwa Kiganda kwenye chumba cha walimu, yeye ameketi pale pale anakoroga chai: kisogo chake, suruali yake ya Ijumaa, na ile siku niliyomwambia mwalimu wa hesabu kwamba jamaa ana kiburi lakini, sijui niseme nini, ana vidole vizuri.

Jumatatu nikabandika tangazo: "Mkutano itafanyika saa nane." Makusudi. Saa nne nikapita ubaoni kama mtu anayepita tu. Kosa hakuligusa. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika neno moja: "Sinaba."

Nikatoa kalamu yangu, nikachomeka n iliyokosekana, nikampa 9/10.