Kadudu ka mbegu za bamia, Igombe

Ukimkuta mdudu mzima, yaani aliyekwisha komaa, kwenye mwembe, usiandike kwamba anakula mwembe. Nalisema hili mapema kwa sababu hapo ndipo kumbukumbu nyingi za wadudu wadogo zinapoharibika. Mtu anapiga picha, anataja mti, na atakayesoma baadaye anauhesabu mti ule kuwa chakula cha mdudu.

Wangu, vidudu vyeusi vinavyofyonza mbegu za pamba na bamia, nimewapata Igombe, Mwanza, kwenye bamia nilizoziacha zikaukie shambani kwa ajili ya mbegu. Maganda yalishapasuka. Nilipokunjua moja juu ya karatasi nyeupe wakamwagika: weusi, urefu wa milimita 4 hivi, mabawa angavu yanayong'aa juani. Harufu yao ilipanda papo hapo, kali, ikang'ang'ania vidoleni. Jirani yangu Mama Kulwa, aliyekulia kwenye pamba kule Magu, hakuhitaji lenzi.

"Mayu, hao ndio wanaochafua pamba. Ukivuna nao wanapondeka humo humo, pamba safi inageuka fifi, ya daraja la chini."

Wengi huwachanganya na kangambili, mdudu mwekundu wa pamba, ambaye ni mkubwa zaidi ya mara mbili. Lakini ukubwa peke yake haunitoshi. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, tazama utosini: katikati ya macho makubwa kuna vijicho viwili, kama punje za mchanga zilizong'arishwa. Kangambili hana vijicho hivyo. Vipapasio vina vipingili vinne, na kwa hawa kipingili cha pili kina sehemu ya manjano iliyofifia. Mdomo mrefu umelazwa chini ya kifua. Ndio anaoupenyeza kwenye mbegu kufyonza mafuta yake. Mbegu iliyofyonzwa hupungua uzito na huota vibaya, na mimi mbegu ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Jenasi yake, yaani kundi la ndugu wa karibu, ni Oxycarenus. Anayejulikana zaidi kwenye pamba ni Oxycarenus hyalinipennis, ila Afrika ina ndugu zake kadhaa wanaoishi kwenye mimea ya jamii hiyo hiyo ya pamba, bamia na haibiskasi. Ili kuwatenganisha kwa uhakika, mtaalamu huchunguza kiungo cha uzazi cha dume. Kwa hiyo nimeandika jenasi tu, nikahifadhi madume na majike kwenye kichupa cha spiriti, na kikaratasi cha penseli ndani, maana wino wa kalamu huyeyuka.

Sasa nirudi kwenye mwembe. Wadudu hawa mbegu zikiisha hukusanyika kwa makundi kwenye miti wasiyoila, wakisubiri msimu. Kinachothibitisha chakula ni tunutu, wale wachanga wasio na mabawa, wenye tumbo la rangi ya waridi. Hao hawawezi kuruka kutoka kwingine. Ndani ya ganda langu walikuwepo wa kila ukubwa, wamejibana kati ya mbegu, na hiyo ndiyo picha ninayoithamini kuliko ile nzuri ya mdudu mzima.

Kumbukumbu yangu inasema: Igombe, Ilemela, tarehe, bamia kavu, ndani ya ganda, wazima pamoja na tunutu. Kwenye mwembe wa uani nimewakuta wazima watupu, nao nimewaandikia kumbukumbu ya peke yake: "wamepumzika, hakuna tunutu."

Kama una bamia za mbegu Kisesa, Magu au Sengerema, pasua ganda moja juu ya karatasi nyeupe kabla hujapukuchua.