Maji yalikuwa yanarudi nyuma

Leo nimeshinda uani na lile banda la vitu vya shamba, na mpaka saa hizi bado liko kichwani, kwahiyo acha niandike. Sisi tuko Shangani hapa Mtwara, banda lenyewe dogo tu, matofali na bati za migongo, mteremko mmoja, na ule upande wa chini ndo unatazama baharini. Ukuta wa upande huo unalowa kwa ndani, juu kabisa pale bati linapokutana na tofali, halafu maji yanashuka taratibu mpaka kwenye magunia ya korosho yaliyoegemea pale. Gunia la juti likishaota ukungu mi silirudishii korosho, maana mzigo ukifika ghalani na unyevu unashushwa daraja na jasho lako la kupulizia mikorosho dawa ya salfa msimu mzima linaenda hivihivi.

Tatizo la huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, sio kama Dar wenye vuli na masika. Kipindi chote cha kusi banda linakaa kavu unasahau kabisa kama linavuja, ikigeuka kaskazi mvua inakuja na upepo inapiga uso kwa uso na upande ule ule wa chini.

Kila aliyepita alisema paka lami. Lami naiheshimu lakini lami inaziba tundu, na hakuna aliyenionyesha tundu. Niliingia ndani mchana nikafunga mlango, nikasubiri macho yazoee giza, maana bati likitoboka lazima utaona kinukta cha mwanga. Hakuna. Misumari nayo yote imepigwa mgongoni, sio bondeni, na mipira yake mizima.

Basi mpwa wangu akapanda ngazi na mpira wa maji, mi nikabaki ndani na tochi ya simu. Nilimwambia aanzie chini kabisa kwenye ukingo, asipande juu mpaka niseme, kwasababu ukimwaga kuanzia juu maji yanapita kila mahali na hutojua yameingilia wapi. Hatukufika hata katikati. Maji yalikuwa yakifika kwenye mdomo wa bati hayadondoki yote, mengine yanajikunja chini ya bati yanarudi nyuma, tone moja nililifuata kwa macho linatembea kwa chini limeng'ang'ania bati mpaka likagusa papi, ile mbao inayopigiliwa bati, likaifuata, likashukia ukutani mbali kabisa na pale lilipoingilia. Yani doa linakuonyesha maji yanapoishia, njia yake ni habari nyingine.

Sababu ni bati kukatwa fupi. Limeivuka fishabodi, ule ubao wa mbele unaofunika ukingo wa paa, kidogo sana, upana wa kidole haufiki. Na naelewa kwanini watu wanakata hivyo, tangu kile kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kilichotua Cabo Delgado hapo ng'ambo Msumbiji, wengi tunaogopa bati lililotokeza sana lisije likabebwa na upepo. Hofu ya haki kabisa. Ila inchi mbili tatu zenye papi imara karibu na ukingo haziruki, na maji yanapata pa kudondokea.

Fishabodi kwa mbele ilikuwa inang'aa rangi. Nikaichoma na bisibisi kwa nyuma, ikazama mpaka kwenye mpini, mbao imekuwa laini kama muhogo wa kuchemsha. Na pale juu ya ukuta mtu alishindilia saruji kuziba mawimbi ya bati, ikapasuka, ikawa inakaa na maji siku nzima hata jua likiwaka. Hiyo tuliigonga yote ikatoka.

Fundi wa mtaani kwetu, mzee wangu huyo, nilimpa shikamoo nikamwonyesha yote, akatazama muda mrefu akasema, "Mwanangu, bati zima hilo usilitoboe zaidi, lipe njia." Tukang'oa misumari ya mstari wa chini tu, papi ya mwisho na fishabodi tukaweka mpya zilizopakwa dawa ya mchwa, halafu akakunja bati bapa refu, upande mmoja likaingia chini ya bati za juu na kulala kwenye papi, upande wa pili likashuka mbele ya fishabodi, na mdomo wake akaupinda nje kidogo maji yasije yakaifuata mbao. Vipande vinapoungana cha huku kimelalia cha kule na silikoni katikati. Misumari mipya yote, kwasababu chumvi ya bahari hapa inakula chuma haraka na wa zamani ukishaung'oa haurudi vizuri.

Tulimwaga tena maji na mpira, kwanza ukingoni halafu juu. Yanadondoka nje, mbali na ukuta, na papi ndani kavu.

Ukuta wenyewe bado una doa na sitaupiga rangi sasa hivi, tofali lililokunywa maji linahitaji muda, ukiliharakisha rangi inabanduka. Gata nitaiweka nikipata pipa la kukingia. Magunia nimeyaanika kwenye kamba, yatakayorudi ndani ni yale yasiyo na ukungu tu, na yatakaa juu ya mbao, sio kuegemea ukuta.