Nilivyokubali kupunguzwa mfuko wa chakula

Kazi yangu ni kushona. Nina cherehani mbili na ovaloki moja karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na kwa miaka kumi na sita nimepima viuno vya watu: maharusi, kina mama wa kwaya, watoto wa shule. Futi hukaa shingoni mwangu toka asubuhi hadi jioni. Mwenyewe sikuwa nimejipima tangu nimzae mtoto wangu wa pili. Nguo zangu nilizishona kwa kukisia, nikiacha mshono mpana ubavuni, na kila baada ya miezi michache nafumua, naachia sentimita mbili, tatu. Mshono ulipokwisha kabisa nikahamia kwenye madera.

Hakuna aliyeniambia kitu. Kwetu ukinenepa unaambiwa umependeza, ndoa imekukubali, biashara inalipa. Mama yangu akinipeleka kwa ndugu zake Kibosho alikuwa anajivunia mwili wangu kama mtu anavyojivunia ng'ombe wa maziwa. Nami nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi.

Kilichonigeuza ni suruali za baba. Baba aliugua sukari miaka mingi. Kidonda kidogo cha kidole cha mguu kikakataa kupona, kikapanda, mwisho mguu ukakatwa chini ya goti. Aliporudi nyumbani akanipa suruali zake tano za kanisani, akasema, "Mwanangu, nifupishie hizi upande mmoja." Nikakata, nikakunja, nikashona. Vile vipande vitano vya miguu vilibaki mezani kwangu, sikujua nivipeleke wapi. Vingine ninavyo mpaka leo. Baba aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo.

Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya kumzika, nilipimwa nikakutwa na sukari. Nilikuwa na umri wa miaka 39, kilo 118, urefu wa mita 1.62. Presha ilikuwa juu, na magoti yalikuwa yananiamsha usiku.

Nilijaribu kila kitu. Niliacha soda, nikaacha chapati, nikala mara moja kwa siku, nikanywa maji ya ndimu, nikanunua zile chai za kukata mafuta zinazouzwa mitaani ambazo kazi yake kubwa ni kuharisha. Nikapungua kilo 9. Nikarudisha 12. Kwenye zahanati moja mhudumu aliangalia kadi yangu, akasema mbele ya watu, "Mama, funga mdomo tu." Nilitoka pale nikakaa kwenye kibanda cha pikipiki mpaka machozi yakakauka, halafu nikaenda kununua chipsi.

Daktari aliyenisaidia alikuwa kijana, wa kliniki nyingine. Yeye ndiye wa kwanza kunieleza kwamba mwili ukishazoea uzito mkubwa huutetea. Ukipungua kwa kujinyima, homoni ya njaa inapanda, shibe inachelewa, na mwili unajifunza kutumia nguvu kidogo. Ndiyo maana wengi hurudi walikotoka. Akapiga hesabu ya uzito wangu kwa urefu, ikaja 46. Akasema mwongozo wa kimataifa uliotolewa 2022 unashauri upasuaji kwa mtu mwenye 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine, na kwamba mwenye sukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Akanitajia hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Sikuwahi kujua kitu hicho kinafanyika nchini. Nilidhani ni mambo ya India na ya matajiri.

Huko nilielezwa njia tatu. Kuna puto, ambalo huwekwa tumboni bila kukata, likakaa miezi sita hadi mwaka kulingana na aina, kisha likatolewa. Kuna upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu hivi au zaidi, ukabaki mrija. Na kuna ule wa kuunganisha upya utumbo ili chakula kipite njia ya mkato. Kwangu tulikubaliana huo wa pili. Daktari alisema kitakachobaki kitafanana na ndizi, nikamuuliza ndizi gani, maana mtu wa Moshi huwezi kumwambia ndizi ukaishia hapo. Alicheka, akanionyesha kidole gumba na urefu wa kiganja. Akaongeza kwamba sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa. Hapo ndipo niliposikia matumaini kwa mara ya kwanza.

Nyumbani vita vikaanza. Mama alisema, "Unakatwa tumbo na huumwi tumbo?" Kaka yangu akasema Mungu hakukosea alipoumba. Shangazi akaniuliza kama nimepata bwana mwingine mjini. Mume wangu alikaa kimya wiki nzima, halafu usiku mmoja akaniuliza swali moja tu: "Ukifia huko, watoto niwaambie nini?" Sikumjibu kwa maneno. Nilikwenda kabatini nikamletea kipande kimoja cha suruali ya baba. Asubuhi yake tulianza kuongea habari za kuuza kiwanja cha Njia Panda. Kiwanja kiliuzwa, na kikoba changu kikajazia.

Wiki mbili kabla ya upasuaji nilikula vyakula vyepesi vya protini, bila mafuta wala wanga mwingi, ili ini lisinyae. Ini likiwa na mafuta linamzuia mpasuaji kuona mfuko wa chakula. Wiki hizo zilikuwa ngumu kuliko upasuaji wenyewe. Nilikuwa nashona sare za harusi huku jirani yangu anakaanga sambusa.

Upasuaji ulifanyika Februari 2024, kwa matundu matano madogo na kamera. Mfuko hukatwa na kushonwa papo hapo na kifaa chenye pini ndogo ndogo, safu kwa safu. Niliuliza sana habari za mshono huo, mimi ni fundi. Ukiachia, yaliyomo huvuja tumboni, na hiyo ndiyo hatari kubwa ya siku na wiki za mwanzo: homa, moyo kwenda mbio, maumivu yasiyoelezeka. Niliambiwa nikiona dalili hizo nisisubiri asubuhi. Hatari nyingine ni damu kuganda miguuni, kwa hiyo jioni ile ile niliinuliwa nikatembezwa kwenye korido, nalia. Nikachomwa na sindano za kuzuia damu isigande.

Sikupanda basi haraka. Nilikaa kwa mdogo wangu Kimara wiki tatu, nikinywa maji kwa funda dogo dogo siku nzima, maana glasi moja sasa ilikuwa kazi ya saa nzima. Siku ya kurudi nilimwomba kondakta aniruhusu kushuka kila basi linaposimama, ninyooshe miguu. Korogwe abiria wote walishuka kula. Mimi nilizunguka uwanja na chupa yangu ya supu iliyochujwa, na harufu ya kuku wa kukaanga kila upande. Nilishangaa kwamba sikutaka. Mwili mzima haukutaka. Ni hisia ambayo sikuwahi kuwa nayo toka utotoni.

Nilipofika Moshi mama alikuwa ameshapika mtori. Sufuria nzima. Kwetu mtori ndicho chakula cha mzazi. Mama alinipikia hivyo hivyo nilipojifungua mara mbili zote, nikala mabakuli, yeye akakaa pembeni ananitazama kwa furaha. Na kwa bahati, mtori ndio chakula hasa nilichoruhusiwa wakati ule: ndizi mshare na nyama, vimepondwa mpaka vimelainika. Akanipakulia bakuli la zamani. Nikala vijiko vitatu, nikaweka kijiko chini. Mama alifikiri anatukanwa. Alitoka nje, nikamsikia anamwambia dada, "Mtoto wangu wamemharibu." Hilo liliniuma kuliko matundu yote matano.

Siku zile nilijifunza kwamba daktari amenipunguzia mfuko wa chakula tu. Chakula cha kwetu hukaa pia mikononi mwa mama, kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye safari za kurudi kijijini mlimani Desemba, na huko kote hakuna aliyepunguzwa kitu. Tukapatana na mama. Nilimwomba atumie kikombe cha chai, akijaze robo. Nikila robo ile yote, anaona kikombe kitupu, roho inatulia. Bakuli ndilo lililokuwa linamtisha.

Mpaka leo nakula hivi: protini kwanza, kisha mboga, wanga mwisho kama nafasi ipo. Lengo langu ni gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama sita, kikombe cha maziwa kama nane, kwa hiyo ni kuhesabu toka asubuhi: mayai, mtindi, samaki, maharage yaliyopondwa, dagaa. Maji sinywi pamoja na chakula. Nasubiri nusu saa. Soda nimeacha, gesi yake inaniumiza. Vidonge vya vitamini, pamoja na B12, madini ya chuma na kalisi ni vya maisha, na navyo vina gharama yake. Anayepanga bajeti ya upasuaji bila kupanga ya vidonge na vipimo vya damu hajamaliza hesabu. Na zile dawa za maumivu tunazonunua dukani kama karanga, diklofenaki na wenzake, daktari amenikataza kwa sababu zinaweza kuchimba vidonda tumboni. Magoti yakiuma namwambia yeye kwanza.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zikaanza kutoka kwa mafungu. Niliambiwa mapema kwamba hutokea mwili ukipungua haraka, na kwamba huota tena, lakini kuambiwa na kuona kitana kimejaa ni vitu viwili. Nilivaa kilemba. Na kilemba pamoja na kukonda kwa kasi vikaleta maneno sokoni: fundi kakanyaga waya, yaani ana virusi vya UKIMWI. Wateja wawili wa siku nyingi walihamisha vitambaa vyao. Mmoja alinilipa pesa kwa kuzitupa mezani ili tusigusane. Sikuwa nimemwambia mtu wa sokoni habari za upasuaji, nikiona ni siri yangu. Nilitafakari sana kabla ya kusema. Sikutaka kujitetea kwa namna ambayo ingewaumiza wanaoishi na virusi, maana wapo pale pale sokoni na wanafanya kazi kama mimi. Mwisho niliamua kumweleza kila anayeniuliza kwa heshima, na anayenong'ona nikamwacha. Wengi walirudi.

Mwezi wa nane baada ya upasuaji kulikuwa na harusi Kibosho. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikakatwa, bibi harusi akatulisha wakubwa wa ukoo, nami nikapewa pande zuri la bega. Macho yote kwangu. Nikatafuna haraka haraka, nikameza. Likakwama. Kifua kikabana, mate yakajaa mdomoni kama povu, nikakimbilia migombani. Niliporudi, mzee mmoja alinisogezea kata ya mbege nishushie. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikagusisha midomo, nikampa aliyefuata. Daktari alinionya kwamba pombe sasa inapanda kichwani upesi kuliko zamani. Mzee hakukasirika. Kumbe kugusisha midomo kunatosha. Miaka yote sikujua.

Baada ya mwaka nilikuwa kilo 84. Dawa ya presha daktari aliisimamisha, ya sukari imebaki kidonge kimoja, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimeshuka toka asilimia 9.4 hadi 6.0. Napanda ngazi za kanisa bila kusimama katikati. Lakini ngozi ya mikono na tumbo imelegea, na sikushona mikono mifupi tena.

Mwaka wa pili njaa ilianza kurudi, ndogo, ya jioni. Vitu laini vinapita bila kukwama: andazi lililochovywa kwenye chai, biskuti, aiskrimu. Nilirudisha kilo tatu hivyo hivyo, andazi kwa andazi, nikishona usiku kuwahi sare za watu. Nilirudi kwa mtaalamu wa lishe, hakunigombeza, tukaangalia saa ninazofanya kazi. Sasa nafunga mashine saa mbili usiku. Nimepoteza oda kadhaa.

Jumapili iliyopita mama alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kiatu. Akaniomba ile mashine yangu ndogo ya kupimia sukari. Hakusema kwa nini. Nilimtoboa kidole, ikasoma 13, juu sana, na alikuwa hajala kitu toka jana yake. Tukatazamana. Akavaa kiatu polepole, akaniuliza kliniki ni siku gani. Nikamwambia kesho kutwa, nitampeleka mwenyewe, twende na kadi ya baba ili daktari aone historia ya nyumba yetu.